Kukolea

Chumvi hukolea, rangi hukolea, na mapenzi nayo hukolea. Ndicho kipimo ninachowapendekezea wasemaji wa Kiswahili wa Yeoville, Johannesburg, wanapohukumu anime ya mapenzi na vichekesho iliyotiwa sayansi ya kubuni. Tazama Urusei Yatsura ya 1981. Kijana mkware, Ataru, na mpenzi mwenye wivu: mambo tuliyoyazoea kabisa. Lakini Lum, binti wa sayari nyingine, anadhani ameposwa, kwa kuwa Ataru alitamka habari za ndoa akimkimbiza ili kuiokoa dunia. Mwondoe mgeni huyo wa angani, kisa chote kinaanguka. Hapo sayansi imekolea. Penye roboti ambaye angeweza kuwa jirani yeyote tu, tuseme wazi: haijakolea.