Vitu bandia katika majaribio ya programu

Vitu bandia ni vipande vya msimbo vinavyokaimu nafasi ya sehemu halisi za programu wakati sehemu jirani inajaribiwa peke yake. Kila kimoja hupangiwa mapema kitaitwa mara ngapi, kwa data ipi, na kijibu nini. Kisipoitwa hivyo, jaribio linafeli.

Tim Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig waliieleza mbinu hii mwaka 2000, katika mkutano wa Cagliari, Italia. Leo Mockito, maktaba ya lugha ya Java ya kuundia vitu bandia, hutumika kujaribu msimbo wa OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kazi Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Hutumika pia katika DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ambamo Tanzania hukusanya takwimu za MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya).

Manufaa ya vitu bandia huonekana vizuri pale mtandao usipoaminika. Tuseme kituo cha afya kilichoko Ihanja, wilayani Ikungi, mkoa wa Singida, kimetuma ripoti ya chanjo ya mwezi, na mtandao ukakatika kabla seva haijajibu. Ripoti imefika au haijafika? Programu ikinyamaza, huenda takwimu zikapotea. Ikituma upya kiholela, huenda watoto walewale wakahesabiwa mara mbili. Mtengenezaji aliyeko Dar es Salaam hawezi kungoja mnara wa simu uzime ndipo ajaribu. Huweka seva bandia inayokata mwito wa kwanza na kuupokea wa pili, kisha huthibitisha kwamba ripoti ilitumwa tena ikiwa na namba ileile ya utambulisho. Kazi yote huisha chini ya sekunde moja.

Lakini jaribio hilo limethibitisha upande mmoja tu. Kwamba seva halisi itaitambua namba hiyo na kuikataa nakala, hakuna aliyeuliza: seva bandia hujibu alichodhani mwandishi wake. Seva halisi ikibadilisha masharti, majaribio huendelea kufaulu huku ripoti zikikataliwa. Kwa hiyo majaribio machache dhidi ya seva halisi hayakwepeki, japo ni ya polepole.

Kosa la kawaida, na la kuudhi, ni kuigiza kila kitu, hata tarehe na mistari ya rejesta. Msimbo ukipangwa upya bila kubadili matokeo yake, majaribio ya namna hiyo huvunjika kwa mamia. Bandia hufaa zaidi mipakani: mtandao, saa ya mashine, huduma ya ujumbe mfupi.