Risasi, Umbali na Mwindaji

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii ni kweli shambani, maana ardhi hulimika kwa jembe lolote lenye makali, ikiwa mkono unaolishika si mvivu. Lakini je, ni kweli porini? Mwanzoni mwa karne ya 20, wawindaji waliokuja Afrika ya Mashariki walibishana sana juu ya risasi ipi imfaayo mnyama mkubwa aliye mbali. Waweza kudhani, msomaji, kwamba ubishi huo umekufa pamoja na watu wake. Ufuate pamoja nami, nawe utaona kwamba ndani yake mna swali lisilozeeka: mtu aliyepewa nguvu ya kuua kutoka mbali ana wajibu gani kwa kiumbe anayemlenga?

Tuanze Elburgon. Mji huu uko kati ya Njoro na Molo, kando ya njia ya reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, nao umepakana na msitu wa Mau. Reli ilipokuja, ilikuta msitu huo una wenyewe. Walikuwa Waogiek, ambao Wamaasai waliwaita kwa jina ambalo Waswahili na Wazungu waliligeuza likawa Wandorobo, maana yake maskini wasio na ng'ombe. Waogiek walirina asali na kuwinda kwa mbwa, mitego, mikuki na mishale yenye sumu ya msunguti. Mshale hauendi mbali, na msitu wenyewe hauruhusu jicho kuona mbali. Kwa hiyo mwindaji hakuwa na budi kumjua mnyama kabla ya kumkaribia: nyayo zake, malisho yake, saa yake ya kunywa maji na upande wa upepo. Upungufu wa silaha ulimlazimisha awe na elimu.

Bunduki ilileta hesabu nyingine. Tazama risasi moja kabla haijapigwa. Ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki inayowaka ikigongwa, baruti, na kichwa kinachoruka. Zamani baruti ilikuwa nyeusi, yenye moshi mwingi na nguvu chache, na mwindaji wa tembo alihitaji bunduki nzito yenye mdomo mpana. Mwaka 1886 jeshi la Ufaransa lilianza kutumia bunduki ya baruti isiyotoa moshi. Tangu hapo kichwa chembamba kiliweza kwenda mbio na mbali kuliko vyote vilivyotangulia.

Hapo ndipo wawindaji walipogawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilisifu risasi nene. Mojawapo ilikuwa ile ya Kiingereza iliyotokea mwaka 1898, yenye kichwa cha gramu 31 hivi, kikiruka mwendo wa mita 650 kwa sekunde. Kundi la pili lilisifu risasi nyembamba ya milimita 7, yenye kichwa cha gramu 11 tu, lakini ikienda kasi zaidi kidogo. Ile nene ilimgonga mnyama kwa nguvu zaidi ya mara mbili ya ile nyembamba. Lakini pia ilimgonga mpigaji begani, na mtu anayeogopa bunduki yake hufumba jicho wakati wa kufyatua. Nyembamba ilikuwa nyepesi kubeba, na ilikwenda mbali bila kupinda sana.

Basi tupige hesabu ya umbali. Mnyama yuko mita 300 mbele yako, na risasi yako inakwenda kwa wastani wa mita 600 kwa sekunde. Itamfikia kwa nusu sekunde. Katika nusu sekunde hiyo ardhi huivuta chini zaidi ya mita moja, na mpigaji asipojua umbali sawasawa, hulenga bega akavunja mguu. Tena mnyama akipiga hatua moja, risasi iliyokusudiwa mapafu huingia tumboni. Kosa la sentimita moja kwenye mita 30 huwa kosa la sentimita kumi kwenye mita 300. Kwa mpigaji, kukosa ni aibu ya dakika moja. Kwa mnyama aliyetobolewa tumbo, ni maumivu ya siku nyingi mpaka fisi wamwone.

Mambo haya hayakuwa ya vitabuni tu. Mwezi wa Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit, wapate kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Washington. Miongoni mwa bunduki zake zilikuwamo tatu alizozitegemea: nyepesi ya kijeshi, ya kadiri, na nzito ya midomo miwili. Alipiga mara nyingi kwa mbali katika nyanda za wazi, na katika kitabu chake hakuficha kwamba risasi nyingi zilikosa. Lakini mwishoni mwa mwaka huo safari yake ilipofika Njoro, mambo yaligeuka. Kermit alimtaka bongo, swala mkubwa mwenye haya akaaye ndani ya msitu wa Mau. Huko masafa marefu hayakuwa na kazi. Alimpata kwa sababu Wandorobo walimwongoza kwa miguu na kwa kimya mpaka karibu. Msitu ulimrudisha mwana wa rais katika shule ya wenye upinde.

Miaka miwili baadaye ubishi ule ulidai roho ya mtu. George Grey, ndugu wa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alikuwa akiwinda simba katika nyanda za Kapiti mwaka 1911. Bunduki yake ilikuwa ya aina ya Ross, ambayo risasi yake nyembamba ilipita mita 900 kwa sekunde, na ilikuwa na sifa kubwa katika mashindano ya shabaha ya masafa marefu. Simba alimjia mbio. Grey alimpiga, lakini risasi nyepesi hazikumzuia. Simba alimrarua, naye akafa Nairobi kwa majeraha hayo. Risasi iliyochaguliwa kwa ajili ya mbali ilimwacha mwenyewe karibu.

Je, tuseme basi kundi la risasi nene lilishinda? La. W. D. M. Bell, mzaliwa wa Uskoti wa mwaka 1880, aliwinda Karamoja na kwingineko, akaua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa risasi ya milimita 7. Siri yake haikuwa risasi. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ajue ubongo ulipo, kisha akajizoeza kuupiga kutoka kila upande. Alichagua chombo baada ya kuchagua elimu.

Lakini usimsifu Bell upesi. Elimu ile ile iliyompunguzia tembo mmoja mateso ilimwezesha kuua elfu. Ustadi bila kiasi ni hasara iliyofanywa kwa unadhifu. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini majangili waliendelea: tembo waliokadiriwa kupita 160,000 mwaka 1973 walibaki kama 16,000 mwaka 1989. Na Waogiek, ambao upinde wao haukuwahi kumaliza mnyama, walihukumiwa na sheria za kikoloni kuwa wezi katika msitu wao, na baadaye wakafukuzwa mara kwa mara kwa madai kwamba wanauharibu. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba haki zao zimevunjwa, na kwamba madai hayo hayatoshi kuhalalisha kufukuzwa kwao.

Sasa turudi kwenye jembe. Methali haikukosa, ila imehitaji nyongeza. Mwindaji wa kweli hakuuliza kwanza risasi ipi ifikayo mbali. Aliuliza ni umbali gani anaoweza kupiga bila kumdhulumu mnyama, kisha akatafuta risasi ya umbali huo, na nje yake akashusha bunduki. Wewe, msomaji, huenda usishike bunduki maisha yako yote. Lakini utashika kalamu, cheo au mashine, na kila kimoja hufika mbali kuliko jicho lako. Kabla hujakitumia, pima kwanza umbali.