Karatasi za Peni Moja: Jinsi Nyimbo na Picha za Kale za Waingereza Zilivyookolewa

Katikati ya karne ya 18 kijana mmoja Mwingereza, jina lake Thomas Percy, alikuwa mgeni katika nyumba ya rafiki yake Humphrey Pitt, katika mji mdogo wa Shifnal, nchi ya Shropshire. Hapo sebuleni, chini ya kabati, aliona kitabu kikuukuu kilichoandikwa kwa mkono, kimetupwa sakafuni, na kurasa zake nyingi zimechanwa. Maana watumishi wa kike wa nyumba ile walikuwa wakizitwaa kuwashia moto. Percy akakiomba, akapewa. Ndani yake mlikuwa nyimbo za visa vya kale, zilizonakiliwa yapata miaka mia moja kabla ya siku ile. Mwaka 1765 alitoa nyingine katika vitabu vitatu vya chapa, na wasomi wa Uingereza wakashangaa kuona hazina waliyokuwa wakiikanyaga. Percy mwenyewe alifanywa Askofu wa Dromore katika Ireland mwaka 1782, na kile kitabu kilichoponea chupuchupu kimewekwa leo katika Maktaba ya Uingereza huko London.

Basi, ikiwa kitabu kizima kilikaribia kuishia mekoni, twaweza kukisia yaliyozipata karatasi moja moja. Maana tangu karne ya 16 Waingereza walikuwa na desturi ya kupiga chapa nyimbo upande mmoja wa karatasi, pamoja na picha iliyochongwa katika ubao, na jina la sauti ya kuimbia wimbo huo. Wachuuzi waliziimba sokoni na njiani huku wakiziuza kwa peni moja au chini yake. Humo mlikuwa habari za vita, za mauaji, za mapenzi, za mabaharia, na maonyo ya kumcha Mungu. Mnunuzi akiisha kuujua wimbo, karatasi hubandikwa ukutani, au hufungiwa vitu, kisha hutupwa. Kitu rahisi hakitunzwi. Kwa hiyo mara nyingi kilichokuwa kingi sana zamani ndicho kilicho adimu sasa.

Mtu mmoja aliyelitambua hilo mapema ni Samuel Pepys, aliyezaliwa mwaka 1633, akawa Katibu wa mambo ya manowari za mfalme. Watu wengi wanamjua kwa ajili ya kitabu chake cha habari za kila siku, alichokiandika tangu mwaka 1660 hata 1669. Lakini bwana huyu mkubwa, aliyezoea kukaa na wafalme na maamiri, hakuona haya kukusanya nyimbo za watu wa sokoni. Alianza kwa nyimbo zilizokuwa zimewekwa na John Selden, mwanasheria aliyefariki mwaka 1654, akaongeza zake hata zikapita 1,800, akazibandika katika vitabu vitano vikubwa. Wala hakuzirundika ovyo. Alizigawanya kwa mambo yake: za dini na adili mahali pake, za historia mahali pake, za misiba, za mapenzi ya furaha na mapenzi ya huzuni, za ndoa, za bahari, za ulevi na urafiki. Alipofariki mwaka 1703 aliacha wasia kwamba maktaba yake, yenye vitabu 3,000, isiongezwe wala isipunguzwe. Ilifika Magdalene College huko Cambridge mwaka 1724, nayo ingaliko vivyo hivyo hata leo. Baadhi ya nyimbo zile haijulikani kuwa na nakala nyingine duniani.

Mfano wa pili ni wa kasisi, nao una sifa na hasara pamoja. James Granger alikuwa mchungaji wa kanisa la Shiplake, kando ya mto Thames. Kazi yake ya ziada ilikuwa kuandika orodha ya picha za sura za Waingereza wa zamani, zilizochorwa katika mabamba ya shaba na kupigwa chapa. Mwaka 1769 alitoa kitabu chake, akiwa amewapanga watu hao kwa zamani zao, na tena kwa daraja 12. Daraja ya kwanza ni wafalme na jamaa zao. Na ya mwisho ni watu duni kabisa, ambao walijulikana kwa jambo moja tu, kama vile kuishi miaka mingi mno. Hivyo mzee maskini alipata nafasi yake katika orodha ile ile iliyokuwa na jina la mfalme. Granger alishikwa na ugonjwa wa ghafula kanisani mwaka 1776, alipokuwa akigawa Sakramenti, akafariki.

Lakini kitabu chake hakikuwa na picha hizo zenyewe, na wenye mali walitamani kuzitia. Wakaanza kuvunjavunja vitabu vya kale, wakikata sura za watu na kuzibandika kati ya kurasa za Granger. Mmoja wao, Richard Bull, alikusanya zaidi ya picha 14,000 kwa njia hiyo, nazo zimo leo katika maktaba ya Huntington huko California. Bei ya picha ikapanda, na vitabu vingi vizuri vikabaki vimenyofolewa. Hapo twaona kwamba kukusanya bila kiasi kwaweza kuharibu kama moto wa watumishi wale wa Shifnal. Aitwaaye picha kutoka kitabuni mwake, aiponya picha na kuua ushuhuda wa mahali ilipotoka.

Aina ya tatu ni picha za dhihaka, zilizowacheka wakubwa na mambo ya siku zile. Huko London, katika siku za James Gillray, aliyefariki mwaka 1815, watu walisongamana mbele ya dirisha la duka la Bibi Hannah Humphrey kutazama zilizotoka mpya. Hata asiyekuwa na fedha ya kununua aliweza kutazama na kucheka. Wenye kufuatia historia ya picha hizi wana deni kwa mchoraji mwingine, William Hogarth. Yeye alichoka kuona kazi zake zikiigwa na wezi, akawaomba wakuu sheria, na Bunge likaitoa mwaka 1735. Sheria hiyo ilimpa mchoraji haki ya kazi yake kwa miaka 14, kwa sharti kwamba jina la mwenye picha na tarehe ya kutolewa kwake vichorwe katika bamba. Kusudi la sheria lilikuwa kulinda riziki. Lakini ndiyo sababu twaweza leo kujua siku hasa ambayo picha nyingi zilitoka.

Tarehe peke yake, hata hivyo, haitoshi. Dhihaka husahaulika upesi kuliko hotuba, maana aliyechekwa akifa, na jambo lake likipita, hakuna ajuaye kwa nini watu walicheka. Edward Hawkins, mlinzi wa mambo ya kale katika British Museum, alikusanya maelfu ya picha hizi, na mwaka 1868, baada ya kufa kwake, Jumba hilo lilizinunua. Ndipo Frederic George Stephens alipoanza kuandika orodha yake, akatoa vitabu tangu mwaka 1870 hata 1883, akafika picha za mwaka 1770. Kazi ikalala zaidi ya miaka hamsini. Aliyeishika tena ni bibi mmoja mwanachuoni, Mary Dorothy George, aliyetoa vitabu saba tangu mwaka 1935 hata 1954, bila kuacha hata wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kila picha aliipa namba, akaeleza nani amechorwa, amesema nini, na ni jambo gani la Bunge au la mtaani lililodokezwa. Hesabu ilipita 17,000.

Tena orodha njema humwonya msomaji asidanganyike. Mwaka 1805 Gillray alichora Napoleon na Pitt, waziri mkuu wa Uingereza, wakikatiana dunia mezani kama chakula. Napoleon amechorwa mdogo sana, na wengi wameamini hata leo kwamba alikuwa kibete, na kumbe kimo chake kilikuwa cha kawaida kwa watu wa zamani zake. Picha ile haitushuhudii kimo cha Napoleon. Yatushuhudia hofu na dharau ya Waingereza. Vivyo hivyo hata ukimya una habari yake: mwaka 1820 mchoraji George Cruikshank alilipwa paundi 100, akaahidi kutomchora Mfalme George wa Nne katika hali yo yote ya aibu. Hata Percy tuliyemtaja alizirekebisha nyimbo zake ili ziwapendeze wasomaji, na wanachuoni hawakuweza kuzisahihisha kikamilifu mpaka maneno yenyewe ya kitabu kile yalipopigwa chapa miaka ya 1867 na 1868. Baadaye Francis James Child, mwalimu wa Harvard huko Marekani, alizipanga nyimbo za namna hiyo 305, akaweka pamoja kila namna ya kila wimbo aliyoipata, asichague iliyo nzuri na kuzificha nyingine.

Wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Percy aliponya karatasi na moto, na hiyo ilikuwa kazi ya dakika moja. Bali kuifanya karatasi iseme ilikuwa kazi ya watu wengi na miaka mingi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na picha au wimbo wa zamani katika sanduku lako, usiridhike kwa kuutunza na mchwa. Andika nyuma yake ni nani, ni lini, umetoka wapi na kwa nani, wala usiondoe neno usilolipenda. Atakayekuja nyuma yetu hataweza kutuuliza.