Bizimana: Watu Waliohesabiwa na Mungu Awajuaye

Tunapomshukuru Mungu kwa miaka mia moja ya usharika wetu, sura nyingine za kitabu hiki zimeeleza habari za waanzilishi, majengo, shule na watumishi waliotuhudumia. Mimi niliombwa kuandika juu ya imani yenyewe: wazee wetu wa Kasulu na Kibondo waliamini nini hasa walipokubali kubatizwa? Swali hilo ni pana kuliko kurasa nilizopewa. Kwa hiyo nimeshika jambo moja tu, yaani kwamba Mungu humjua mtu, tena humjua kwa jina. Nadhani ni mafundisho machache yaliyogusa maisha ya nchi hii ya Buha kwa undani kama hilo.

Kabla ya Injili kufika, Waha walikuwa na jina la Imana midomoni mwao. Ushahidi umo katika majina ya watu, ambayo mengi wanashirikiana na ndugu zao wa Burundi. Mtoto huitwa Bizimana, maana yake mambo haya Imana anayajua. Mwingine huitwa Niyibizi, yaani Yeye ndiye ayajuaye. Hayo si majina ya mapambo. Mara nyingi mzazi aliyatoa wakati wa majonzi: amefiwa, au amesingiziwa, au amejifungua katika mwaka wa njaa. Hakuwa na hakimu wa kumpelekea shauri lake, akaliweka katika jina la mwanawe, likaitwa uani kila siku hata jirani akalisikia.

Mtoto huyo alipobatizwa aliitwa Petro au Yohana, na jina la nyumbani likarudi nyuma. Sisemi kwamba wazee walikosea kupenda majina ya mitume. Nasema tu kwamba mtu aliyeitwa Bizimana alikuwa amekwisha kuikiri nusu ya Zaburi ya 139 kabla hajajua kusoma. Nusu ya pili, kwamba huyo ajuaye yote ni Mchungaji amtafutaye aliyepotea, aliipokea katika Kristo.

Nayo nusu hiyo ya pili ilihitajika sana, kwa maana karne iliyopita ilikuwa karne ya kuhesabiwa. Serikali ya kikoloni ilihesabu vichwa kwa ajili ya kodi. Katika miaka ya 1930, kwa sababu ya ugonjwa wa malale, watu wengi wa Kibondo na Kasulu walihamishwa kutoka katika vitongoji vyao na kukusanywa mahali pamoja, mbali na mapori ya mbung'o. Nia ilikuwa kuokoa maisha, lakini makaburi ya mababu yaliachwa porini. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na familia zikahama tena kwenda katika vijiji vya ujamaa.

Lakini neno lililobaki katika lugha ni manamba. Waha walikuwa miongoni mwa watu waliosafirishwa kwa wingi kwenda kukata mkonge, hasa Tanga, na tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyoitwa SILABU. Kila mmoja alipewa namba na kipande chake, na ndiyo maana wakaitwa manamba. Babu yangu alikwenda Tanga mara mbili. Katika uzee wake alisahau majina ya wanyapara wake wote, lakini namba yake aliikumbuka.

Sasa mfikirie mtu wa namna hiyo akirudi nyumbani na kuingia darasa la ubatizo. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther anapoeleza Sehemu ya Kwanza ya Imani, haanzi na mbingu wala bahari. Anaanza na mtu mmoja, mimi, mwenye macho na masikio, anayehitaji nguo, viatu na chakula. Wengi wetu tulikariri maneno hayo kwa kuogopa fimbo ya mwalimu. Kwa aliyetoka kwenye mkonge, naamini yalikuwa habari mpya kabisa.

Hapa sina budi kugusa jambo gumu. Kujulikana kwa jina si faraja kwa kila mtu. Mwaka 1972 kule Burundi, Wahutu wengi waliosoma walikamatwa kwa orodha na kuuawa. Jina lililoandikwa lilikuwa kifo. Wengi walivuka mpaka kuja kwetu. Mtafiti Liisa Malkki, aliyefanya utafiti katika mkoa wetu na Mishamo mwaka 1985 na 1986, alieleza jinsi wakimbizi walioishi mjini Kigoma walivyoficha asili yao ili waishi kama wenyeji. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993 walikuja wengine, na mwaka 1996 Wakongo wakafunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Nduta, Kanembwa, Mtabila na Mtendeli zikawa majina ya kila siku. Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Nduta ilifunguliwa upya mwaka 2015, Warundi walipokimbia tena. Mtendeli, iliyoko wilaya ya Kakonko, ikafuata mwaka 2016 na kufungwa mwaka 2021.

Kambini mtu alikuwa kadi ya chakula na idadi ya walioandikwa juu yake. Tusiibeze kadi hiyo, kwa kuwa ambaye hakuandikwa hakula. TCRS, huduma iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, haikuweza kumhudumia mkimbizi pasipo orodha. Hata mchungaji wa mfano wa Bwana Yesu alihesabu. Asingehesabu, asingejua kwamba mmoja kati ya mia hayupo. Ila baada ya kuhesabu aliondoka kwenda kumtafuta yule mmoja. Mkimbizi aliyelificha jina lake kwa watu wote aliweza kupiga magoti mbele ya Mmoja asiyehitaji kuandikiwa, wala asiyeweza kumsaliti. Sijui sala iliyo ya siri kuliko hiyo.

Je, sisi wenyewe tuliwajua? Kamati ya historia ilipofungua madaftari ya ubatizo ili kuandaa orodha iliyo mwishoni mwa kitabu hiki, tulikuta mengi ya kutuaibisha. (Siseme juu ya bahasha za ahadi, ambazo zimetupa sisi sote namba, mzee mmoja wa kanisa huniita kwa namba yangu hadi leo, kwa utani.) Wanaume wameandikwa kwa majina mawili na kijiji. Wanawake kadhaa wameandikwa "mke wa" fulani, basi. Walipokea maji yale yale, kwa Jina lile lile, wakachota mchanga na kubeba mawe ya kanisa hili, lakini karani hakuwauliza.

Kamati iliona isiwatungie majina. Mistari hiyo imechapwa kama ilivyo, na mbele ya kila mmoja imeachwa nafasi. Ndugu msomaji, ukimtambua bibi yako au jirani yako wa zamani katika mistari hiyo, tafadhali fika ofisi ya usharika ututajie jina lake, na lile la Kiha pia.