Vumbi la Nyota ya Mkia

Mwaka 1910, mwaka ule ule posta ilipowekwa katika Shamba Nambari 64, mahali panapoitwa sasa Eldoret (wazee husema Sisibo), nyota ya mkia ya Halley ilionekana angani. Ilirudi 1986. Itarudi 2061, na wengi wetu hatutakuwapo. Lakini vumbi lake dunia hulipitia kila mwaka, mapema Mei na tena Oktoba, nalo huwaka kama vimondo. Wataalamu huutaja usiku. Wingi ndio mgumu. Mwaka 1899 vilitabiriwa vimondo tele vya Novemba, vya nyota nyingine ya mkia. Watu wakakesha bure, kwani sayari kubwa ya Mshtarii ilikuwa imelivuta vumbi kando. Hata hivyo Mei tutatoka saa kumi za usiku, makoti mwilini, tukitazama mashariki, mawingu ya masika yakituruhusu.