Cheni na mkanda wa taiming
Cheni na mkanda wa taiming ni njia mbili za kuunganisha krankishafti na kamshafti ili valvu zifunguke na kufungwa kwa kufuata mwendo wa pistoni. Mkanda ni wa mpira wenye nyuzi imara ndani, nao huchakaa kwa kilomita na kwa miaka pia. Kwa hiyo watengenezaji huupangia ukomo, mara nyingi kilomita 100,000 kwa magari ya Kijapani. Cheni ya chuma, kama ile ya injini ya Toyota 1NZ-FE, kwa kawaida haipangiwi ukomo, na hapo ndipo kosa huanzia: watu hudhani haihitaji matunzo.

Matunzo ya cheni ni oili. Oili hulainisha viungo vyake na, katika injini nyingi, ndiyo inayosukuma kikazio kinachoizuia isilegee. Oili chafu au pungufu hula pini, cheni hurefuka, na injini hutoa mlio wa kukwaruza inapowashwa ikiwa baridi. Ni kweli kwamba cheni nyingi hudumu kuliko gari lenyewe, lakini hayo ni ya gari lililobadilishwa oili kwa wakati. Gari kuukuu lililopita kwa wamiliki kadhaa mara nyingi halina ushahidi kwamba oili ilibadilishwa hivyo. Kwa upande wa mkanda, wengine huuacha wa zamani kwa kuwa hauna ufa. Mpira huzeeka kwa joto kabla jicho halijaona, na katika injini ambazo valvu zinaweza kugongana na pistoni, mkanda ukikatika valvu hupinda. Mkanda usio na rekodi ya kubadilishwa ubadilishwe mara gari linaponunuliwa, pamoja na roli zake, na pampu ya maji pale inapozungushwa na mkanda huohuo.