Mwadingusha

Mwadingusha ni makazi madogo kando ya mto Lufira, mashariki mwa Likasi, katika mkoa wa Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Yalikua kwa sababu ya bwawa la umeme lililojengwa na Wabelgiji kwenye maporomoko yaliyopewa jina la Jules Cornet, mwanajiolojia aliyeipima Katanga mwaka 1892.

Kituo kilianza kazi mwaka 1930, kikalisha viwanda vya shaba vya Likasi, mji ulioitwa Jadotville enzi za ukoloni. Maji yaliyozuiwa yalifunika nyanda za Lufira na kuzaa ziwa Tshangalele, pana lakini la kina kifupi. Ziwa hili ndilo urithi mkubwa zaidi wa bwawa: wavuvi wa Kapolowe na vijiji vingine hutega perege humo kwa nyavu na mitumbwi, na samaki wao huuzwa Likasi na Lubumbashi. Hata hivyo, maji machafu ya viwanda yameliingia kupitia mto Panda.

Bonde la Lufira ni hifadhi ya bayongahewa ya UNESCO tangu 1982. Mitambo ya Mwadingusha ilikarabatiwa na kurejeshwa kazini mwaka 2021, ikiwa na uwezo wa megawati 78.